Muuguzi Aliyekiwahi Kichefuchefu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Muuguzi Blandina Hezroni anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alianzia wodi ya wazazi mjini Mwanga, kisha akahamia kwetu Same kuwahudumia wagonjwa wa saratani. Kanuni yake haikubadilika: dawa ya kuzuia kutapika hutangulia dripu ya dawa za saratani, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Vilevile alikataza sufuria za makande kufunuliwa wodini, kwa kuwa harufu inayompendeza mwenye afya humchafua mgonjwa moyo. Mchungaji mmoja aliyefika na bakuli alielekezwa uani, yeye pamoja na bakuli lake.

Tutamkumbuka zaidi kwa safari ya Suji, kule milimani. Mzee Eliufoo, mkulima wa huko, alitapika vibaya baada ya dripu ya kwanza, kwa sababu vidonge vya kuzuia alikuwa amevitia mfukoni. Alidai kwamba hamezi dawa ya ugonjwa asio nao. Kisha akakataa katakata kurudi, ingawa daktari alikuwa ameonya kwamba uvimbe wake hautasubiri. Mkewe, Mama Dorkas, alipiga simu akilia. Siku yake ya mapumziko, Blandina akapanda bodaboda.

Kona za Suji hazichagui cheo. Kabla hata hajatoa shikamoo, muuguzi wetu alikimbilia migombani akatapika mbele ya ukoo mzima. Mzee Eliufoo mwenyewe alimletea maji, akamuuliza kama hospitali haina vidonge vya safari. Blandina alikiri kwamba anacho kimoja mkobani. Hakukimeza kwa kuwa alipoondoka Same alikuwa mzima kabisa. Mzee alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu," alisema, "kumbe ukaidi huu tumegawiwa wote!"

Wakakubaliana palepale: Blandina angemeza chake kabla ya kushuka mlima, naye Mzee angemeza vyake kabla ya dripu. Kila mmoja alitimiza ahadi. Mara ya pili Mama Dorkas alikuja na beseni la kufulia, likarudi Suji kavu. Mzee alimaliza matibabu yote, na msimu huu amevuna maharage kwa mikono yake.

Muuguzi Blandina, tunakushukuru kwa ukali wako na kwa huruma uliyoificha ndani yake. Mungu akujalie afya na utulivu huko Ugweno utakakopumzika. Kwenye hafla ya kukuaga, salamu nyingine atazitoa Mzee Eliufoo, ambaye amepangiwa dakika tano, na amekwisha kutuarifu kwamba hazitamtosha.