Dawa Ambayo Daktari Alisema Haijui

Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa mpunga, natoka Ubaruku. Leo nitataja mambo ya chooni humu kanisani, mnivumilie.

Karibu mwaka mzima nilijisaidia damu. Nikajiambia ni bawasiri. Mke wangu akiuliza mbona unakonda, namjibu ni jua. Mpaka nikaanguka shambani. Hospitali ya Mbeya wakanipasua: saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini. Wakanipa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, wapi, haikusaidia.

Ndipo daktari wangu, binti wa Iringa, akaniambia kuna utafiti wa dawa mpya. Walishapima ile nyama waliyokata, wakaona saratani yangu ni ya aina inayoweza kuitikia.

"Inaponya?"

"Hatujui, baba. Ndiyo maana tunaijaribu."

Nawaambia, jibu lile lilinivuta. Wengi walishaniahidi kupona. Huyu ndiye wa kwanza kukiri hajui. Nikamuuliza maswali mpaka wauguzi wakacheka. Akasema dawa yenyewe haiui saratani, wanaoiua ni askari wa mwili wangu mwenyewe; saratani imejifanya mwenyeji, dawa inawasaidia kuitambua.

"Kumbe kama mpunga pori!" nikasema. "Kwenye palizi unaupita, ukidhani ni wako."

Kisha nikamuuliza, "Na nikitaka kuacha?"

"Unaacha siku hiyohiyo, na tutaendelea kukuhudumia."

Nikatia sahihi.

Baada ya dripu ya tatu ya dawa ile nikaanza kuhara vibaya. Nikaficha tena! Niliogopa watanitoa. Muuguzi akauliza, "Baba, choo kikoje?" Nikasema kizuri.

Mke wangu akadakia, "Anadanganya. Tangu juzi anashinda chooni."

Kumbe wale askari wa mwili walishaanza kuushambulia hata utumbo usio na saratani. Dawa ikasimamishwa, nikapewa vidonge vya kuwatuliza. Daktari alisema ningechelewa, utumbo ungetoboka. Siku hiyo ndiyo niliyookoka, si siku ya kipimo, ingawa kipimo kilichofuata kilionyesha uvimbe wa ini umenywea sana.

"Kwa nini mimi dawa imenikubali?" nikamuuliza daktari. Mwenzangu wa utafiti, tuliyekaa naye benchi moja hospitalini, haikumsaidia, tumemzika.

"Hilo ndilo tunalolitafuta, baba."

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu kwa kunisemea, na wale wa hospitali. Nanyi mlionipandikizia mpunga nikiwa kitandani, asanteni. Mkiona damu, msiipe jina wenyewe. Nendeni mkapimwe, na mkiulizwa, semeni kweli.

Jumanne narudi Mbeya kupimwa tena. Majibu siyajui. Lakini nina maswali sita, nimeshayaandika.