Mgahawa Unaochelewesha Chakula

Ndani ya Noah ya abiria iliyotoka Usa River kwenda mjini, mama mmoja wa kijiji cha Kikwe alimwuliza dada wa Kihindi aliyeketi kando yake, "Dada, mjini naweza kula wapi na mgeni?"

Dada huyo, aliyejitambulisha kuwa Hansa, alisifu mgahawa mmoja wa Ngarenaro. "Sahani inajaa, kachumbari unaongeza mwenyewe, na ukikaa tu chakula kimefika."

"Basi hapanifai. Nataka wanapochelewa."

Mimi niliyekuwa nyuma yao niliweka simu mfukoni.

Hansa alitaja mgahawa wa Themi ambako watu hulalamika kwa kusubiri. "Lakini mama, bei kubwa, sahani ndogo! Faida yake nini?"

"Ni huko kusubiri kwenyewe. Nakutana na mdogo wangu. Hatujasemeshana tangu tulipomzika baba. Chakula kikija upesi tutainamia sahani, kisha kila mtu atashika njia yake."

"Mwenye njaa hasamehe, mama. Mtagombana upya."

Gari liliposimama Sanawari, mwanamke aliyefanana sana na mama huyo alikuwa kando ya barabara, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Sasa mtaenda wapi?" Hansa aliuliza.

"Ngoja kwanza nimwulize kama ana njaa," mama alijibu, akashuka.