Kuta Nzuri, Paa Hakuna

Asubuhi moja ya mvua mwaka 1953, kwenye tramu ya Kassel, nilikaa nyuma ya jirani yangu, Bi Gerlinde Hasselbach, aliyepakata kikapu cha viazi. Kando yake bwana mmoja wa mkono mmoja alikuwa akimsimulia vita bila kuombwa.

"Gari letu la kwanza la kutungulia ndege, hatupigi mpaka tulaze kuta zake zote. Tunabaki wazi kabisa! Halafu wakatuletea jipya, kuta zimeinama pande zote, mizinga midogo minne. Mama, ile ilikuwa kazi ya watu wenye akili! Risasi zinateleza tu. Ila halina paa. Nikimpata aliyelichora, namzaba kibao."

"Nizabe basi," akasema Bi Gerlinde. "Kuta zile nilizichora mimi, kiwandani."

Bwana akageuka kumtazama vizuri.

"Ningewafunika, moshi wa mizinga ungewaua. Na ndege mngezionaje?"

"Lakini mwenzetu garini, Ewald, kipande cha bomu kilimjia kutoka juu, mama."

Bi Gerlinde akakishika kikapu kwa nguvu. "Na wenzake?"

"Tulikuwa watano. Wanne tulirudi makwetu. Kwa kuta zako."

Tramu iliposimama, bwana yule akambebea kikapu, akashuka naye, ingawa alikuwa amemwambia kondakta anakwenda stesheni.

"Hata wavu wa chuma tu, mama?" nilimsikia akiuliza.

"Wavu!" Bi Gerlinde akafoka, huku akimfutia mvua begani. "Wavu unazuia nini, wewe?"