Kamba ya Mzee Mwinga Yabaki Langoni

Mzee Mwinga Ziro, mnadi wetu wa ng'ombe, anastaafu leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1998. Ameutumikia Mnada wa Mifugo wa Mabatani kwa miaka ishirini na mitano bila kukosa Alhamisi hata moja, isipokuwa ile aliyooa na ile aliyong'olewa jino. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye karani niliyekaa mezani kando yake miaka kumi na miwili, na masikio yangu ni shahidi. Mnivumilie nikipandwa na furaha, maana mambo ya Alhamisi iliyopita bado hayajanitoka kifuani.

Alizaliwa upande wa Kinango mwaka 1943, na kabla hajajulikana kwa sauti alijulikana kwa miguu. Katika ranchi moja ya nyika alikochunga ujanani, wachungaji walishindana kila Desemba kumpanda fahali mkali na kukaa mgongoni mwake hadi hesabu ya kumi. Mwaka 1966 aliyepewa kazi ya kuhesabu alikuwa Charo, binamu yake Mwinga, ambaye kwa mapenzi ya ndugu alihesabu kama mtu anayekimbia mvua. Wenzao wakagoma. Mwinga akampanda tena fahali yule yule, Charo akalazimishwa kuhesabu polepole, na safari hii akafika kumi na nne. Aliposhuka, au tuseme aliposhushwa, kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda upande wa kushoto na hakikunyooka tena. Zawadi yake ilikuwa kamba ndefu ya ngozi iliyosukwa, na akaja nayo Mabatani mwaka 1973, iko begani.

Kidole hicho kimetuletea visa. Mwaka 1991 Lennox, mnunuzi wa hoteli moja ya Galu, alikuwa ndiyo kwanza ametoka bara, na alitumwa mbuzi wanne. Mzee Mwinga akamwonyesha kidole Idris, mchinjaji wa Msambweni, kwamba ndiye aliyefikisha bei ya fahali mmoja mkubwa. Lakini kidole kikamtazama Lennox. Lennox, kwa adabu zake, akaitikia kwa kichwa. Kengele ya kufunga bei ikagongwa.

"Aki Mzee, mimi nilitumwa mbuzi tu!" akalia. "Huyu nitamweka wapi, kwa swimming pool?"

Mzee Mwinga akamwambia kosa si lake, ni la kidole, akaufuta mnada ule akaanza upya. Tangu siku hiyo huonyesha kwa fimbo, na Lennox hukaa nyuma yangu mikono mfukoni, hatikisi hata sikio.

Lakini jambo lililomfanya apendwe ni kamba. Wafugaji wa huku wanajua kwamba ng'ombe akiuzwa, kamba yake hurudi na aliyemuuza, ili zizi lijae tena. Mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe. Mahali pengine desturi hii imelegea. Kwa Mzee Mwinga lango halifunguliwi mpaka kamba iwe mkononi mwa mwenyewe. Mwaka 1988 Bi Mwanafatuma wa Kikoneni alimuuza ng'ombe wake wa pekee kwa mtu aliyekuja mikono mitupu, na mnunuzi akataka kuondoka na kamba ya mama wa watu. Mzee Mwinga akamfunga ng'ombe kwa kamba yake ya ngozi, akafuatana naye kwa miguu hadi Msambweni, akaivua huko, akarudi nayo usiku huo huo akichechemea. Bi Mwanafatuma alikwenda na kamba yake, na kwa fedha zile akafungua kibanda cha chai na mahamri pale pale mnadani. Chai ya Mzee Mwinga hailipiwi mpaka leo.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka jana, na baada yake maradhi ya mifugo. Januari tukaletewa karantini: hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka. Barua ya kustaafu kwa Mzee Mwinga ilikuwa imekwisha andikwa, na tarehe ni hii ya leo. Ofisi ilipomuuliza anataka sherehe ya namna gani, alijibu kwamba hataki pilau wala saa ya ukutani. Anataka mnada mmoja tu. "Siwezi kuaga kiwanja kitupu," alisema, na tukaona kwamba hatanii.

Miezi mitano alikuja kila Alhamisi kufagia kiwanja kisichokanyagwa na kwato. Ili sauti isishike kutu alinadi kila alichokiona ofisini. Mwavuli wangu umeuzwa mara saba. Kahindi, msaidizi wake atakayeshika fimbo baada yake, alinunua kalenda ya ukutani akidhani ni mchezo, na Mzee akamtaka alipe achukue mzigo wake. Tulicheka, lakini Mei ilipokwisha tuliacha kucheka, kwa kuwa siku zilikuwa zinamwishia.

Jumatatu tarehe 22 Juni, Daktari Abdurahman wa mifugo alileta barua: karantini imeondolewa, mnada ufunguliwe Alhamisi. Mzee Mwinga aliisoma mara mbili, akaenda nje, na tukamsikia akiinadi baiskeli ya daktari kwa sauti ya kuamsha mtaa. Sharti lilikuwa moja. Mnyama yeyote akitoka kiwanjani kabla ya kupimwa, lango linafungwa tena siku hiyo hiyo.

Waliletwa ng'ombe thelathini na tisa tu. Watu walikuwa bado na hofu. Kazi ilianza vizuri. "Elfu kumi na mbili, yuko kwa Idris!" Mzee alinguruma. "Hakuna wa kumwonea huruma mnyama huyu, amtoe mikononi mwa Idris?" Watu walikuwa hoi kwa vicheko. Saa nne na nusu, fahali mwekundu wa Kikoneni ambaye daktari alikuwa hajamgusa akavunja boriti mbili za uzio wa ndani, akapita katikati ya masufuria ya Bi Mwanafatuma, akaelekea barabarani. Daktari akasimama. Nilimwona anashika kalamu, tayari kuandika lango lifungwe.

Mzee Mwinga alishuka jukwaani mbio, miaka hamsini na mitano, kamba mkononi. Akarusha, akakosa, akamnasa Lennox. Wallahi nasema kweli. Akaivuta, akarusha tena, na safari hii kitanzi kikaingia shingoni mwa fahali hatua kumi tu kabla ya lango. Fahali akamburura, Mzee hakuachia. Vumbi likapanda, watu wakapiga mayowe, na mimi karani wa heshima nikajikuta nimesimama juu ya meza nikihesabu kwa sauti kuu: moja, mbili, tatu! Kiwanja kizima kikahesabu nami. Tulipofika kumi na nne fahali alisimama, akihema, na Mzee Mwinga akainuka. Suruali haikuinuka naye yote.

"Jisitiri kwanza, Mzee Mwinga!" Bi Mwanafatuma akamwita. "Haya, twaa leso yangu, usitutie aibu mbele za watu."

Akajifunga kanga hiyo kiunoni, daktari akampima fahali, akatia sahihi, na mnada ukaendelea mpaka mwisho. Maandishi ya leso nayaacha, maana taarifa hii inasomwa na wazee wa heshima.

Fahali mwekundu aliuzwa wa mwisho. Idris akaleta kamba yake, na ile ya ngozi ikavuliwa, ikarudishwa kwa mwenyewe. Tulidhani ataitupa begani kama siku zote aende nayo nyumbani. Aliishika kidogo, kisha akaitundika kwenye nguzo ya lango.

"Leo anayetoka ni mimi," akasema, na sauti ile inayosikika mpaka barabarani ilikuwa ndogo. "Kamba ibaki. Zizi lijae tena."

Nililia, na sioni haya kuliandika hilo.

Mzee Mwinga, ofisi nzima inakushukuru, na wafugaji kutoka Kinango mpaka Msambweni wanakushukuru kwa kila kamba uliyowarudishia. Tunakuombea afya njema, uzee wa raha, na mke mvumilivu utakapoanza kuwanadi kuku wa nyumbani. Jana asubuhi nilimkuta Kahindi akiipaka kamba mafuta, na hakuna aliyethubutu kuitoa mahali pake. Na kwa Alhamisi hii, Mzee, mpaka ninapoandika, nimekwisha kuandikisha ng'ombe mia moja na sitini. Nenda salama. Zizi linajaa.

Immaculate Wanza
Karani wa Mnada, Mabatani