Mpira wa Mwisho wa Kuramochi Uwe wa Kweli

Jumapili hii, tarehe 11 Oktoba 1959, Kuramochi Tatsuzo anastaafu baada ya kuitumikia timu yetu ya besiboli ya Reli ya Setogawa kwa miaka kumi na mitatu akiwa mrushaji, yule anayewatupia mpira wapigaji wa wapinzani. Alitokea karakana ya mabehewa, akirusha mpira kama mtu anayefukuza kunguru shambani.

Alirusha hata ilipokuwa dhuluma. Msimu wa 1953 alipangwa kurusha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, bila kupumzisha bega, na wakubwa wakauita huo moyo wa chuma. Sisi tuliuita, na tunauita bado, uvivu wa kutafuta mrushaji wa pili. Ubingwa tulioutwaa msimu ule ni wa bega lake.

Bega lenyewe, la kulia, alilitunza kama yai. Hakuogelea, hakulitia maji baridi, na kiangazi kizima alilifunika sufi. Nishiwaki, mdakaji wa mipira yake, hakuchoka kumtania: "Kaka, hilo ni bega au bibi harusi?" Hata Fumie, binti wa Kuramochi mwenye miaka mitano, hubebwa kwa mkono wa kushoto tu.

Desturi ya mechi ya kuaga mnaijua: mpigaji wa wapinzani huukosa makusudi mpira wa mwisho wa mstaafu, watu wakafuta machozi. Wiki iliyopita Oginome, mpigaji wa wapinzani wetu wa Jumapili na anayeogopwa kuliko wote katika ligi, alimkuta Kuramochi kwenye mgahawa wa stesheni, akainama.

"Kaka, usiwe na wasi. Jumapili nitapiga hewa."

Kuramochi akaweka chini bakuli la tambi. "Miaka yote umeninyima usingizi, leo ndiyo unanihurumia? Piga, bwana!"

"Nikiupiga ukatoka nje ya uwanja je?"

"Utaufuata mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeshastaafu."

Oginome amekubali. Wapo ofisini wanaonung'unika kwamba Kuramochi ataharibu sherehe. Sherehe gani? Aliyempa kila mpigaji mpira wa kweli anastahili kujibiwa kwa pigo la kweli. Kuukosa mpira wake makusudi ni kumzika angali amesimama. Huenda mpira wake wa mwisho ukavuka ukuta mbele ya mkewe na Fumie. Analijua hilo, na bado anautaka.

Ukivuka, wafanyakazi wenzetu, msigune. Simameni mpige makofi.

Ahsante, Kuramochi, kwa kila mpira, hata ile mipira ambayo hatukuwa na haki ya kukuomba. Heri na afya viwe nawe nyumbani. Kuanzia Jumatatu bega hilo halina mwajiri: litie maji baridi upendavyo, kisha mbebe Fumie kwa mkono wa kulia.