Kaeni Kabla Sijaondoka

Gasore, kama hutaki kuingia fasi dada yako yupo, simama hapo hapo mlangoni, lakini masikio uyalete ndani. Na wewe Mutesi, acha kunipangapanga mto huo, kichwa ni changu. Sikilizeni, wanangu. Madaktari wa Ruharo wamenirudisha nyumbani kwa upole mwingi, na mtu mzima akitendewa upole wa namna ile anajua maana yake. Kufa sikuogopi. Nilichokiogopa ni kufa na neno hili tumboni, na leo nalitoa, aibu na ipotelee mbali.

Mnakumbuka mwaka 2008, Mutesi alipopata nafasi ya kwenda kusoma Urusi. Alikuwa shuleni Mbarara, akanisomea barua kwenye simu: chuo kikuu, miaka mitano, lugha na utamaduni wa Warusi. Nikamwuliza, kwani Warusi wamesahau lugha yao hata waite wakimbizi wa Nakivale kuisoma? Akacheka, binti huyu. Mimi sikucheka. Masomo yalikuwa yamelipiwa, lakini tiketi ya ndege ilikuwa juu yetu, na sisi tuliotoka Kivu mwaka 1996 tukaacha ng'ombe arobaini wakilia zizini tungeitoa wapi? Jumapili ile mchungaji akanisimamisha mbele ya kanisa zima hapa Kashojwa, niseme mtoto anakwenda kusomea nini, ili watu wachange. Nikazitazama nyuso zile, nikajiuliza, nani atauza mbuzi wake ili mtoto wa mwenzake akajifunze mila za Warusi? Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Udaktari."

Haleluya, mngeona! Wamama walicheza mpaka vitenge vikafunguka. Na wewe, Gasore, ulifanya jambo ambalo hakuna aliyekuomba: ulimpeleka mnadani yule ng'ombe wako mwekundu, uliyemlea kwa ajili ya mahari ya Uwamariya. Ulisema mama yenu alikufa kwa kukosa daktari, basi mama wa mtu mwingine asife hivyo. Uwamariya ulimwambia angoje. Lakini wakwe hawangoji maneno, wanangoja ng'ombe, na yule msichana akaolewa Oruchinga.

Kisha Mutesi akarudi, 2013, hajui lolote la neno langu lile. Asubuhi ya pili yake foleni ya wagonjwa ilianzia mlangoni hapa ikafika kwenye bomba la maji. Wa kwanza alikuwa Mama Mukandoli, na ile picha ya kifua aliyopigwa Mbarara ameikunja ndani ya kitenge. "Dokta wetu, angalia hii picha, kifua inaniuma tangu Pasaka." Mutesi akamjibu, "Mama, mimi si dokta, nilisoma lugha." Mama yule akaikunja picha yake polepole. Watu wakasema mtoto ametudanganya, amekula mchango wetu. Mutesi akanitazama mara moja tu, akaelewa yote, na mimi nikaitazama fimbo yangu. Hakunitaja. Miaka miwili ameitwa mwongo kanisani, sokoni, na hata na wewe kaka yake uliyeapa kutokaa naye nyumba moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, mgongoni mwake niliuona mwepesi.

Mwongo ni mimi, Rwakabuba, baba yenu. Ahaa! Limetoka. Mbona kifua kimekuwa chepesi hivi? Ningejua kusema kweli kuna raha namna hii, ningesema zamani, mjinga mimi.

Sasa shikeni haya. Jumapili mchungaji awaambie watu wote, asipunguze neno. Ng'ombe wangu ni watatu. Yule mtamba mwekundu ni wako, Gasore, na si zawadi: kwetu ng'ombe aliyetolewa kwa uongo hurudishwa na mwongo mwenyewe, akiwa hai, na mimi nilimfunga kamba mpya kwa mkono wangu kabla ya kwenda Ruharo. Uoe. Miaka thelathini na minne, unangoja mvi? Yule mkubwa ni wa Mutesi, na atakayesema binti harithi ng'ombe, aje anidai kaburini. Wa tatu apewe Mama Mukandoli, apate maziwa, maana alichanga kuku wake wa pekee.

Ngojeni... nipate pumzi. Jana Mutesi akininywesha uji, nilimwuliza kwa mara ya kwanza, miaka saba imepita, aibu gani hii: ulisoma nini huko? Akaniambia Warusi, mtu akitaka kusafiri na mizigo iko tayari, nyumba nzima hukaa kwanza, anayeondoka na wanaobaki, kimya, kitambo kidogo. Ndipo msafiri huinuka. Nikalia. Sisi Kivu tulitoka mbio, mama yenu na kiatu kimoja, hakuna aliyekaa. Kumbe binti yangu alikwenda mbali mingi kusomea jambo la maana kama hilo, na mimi nililionea haya mbele ya watu.

Gasore, unalia? Lia, si kosa. Ingia sasa. Mungu wa babu zenu awape maziwa... na midomo yenye kweli... na watoto watakaowazika. Mutesi, sogea, mpe kaka yako fasi. Benchi moja. Karibu zaidi. Hapo.

Msiseme kitu. Mizigo yangu iko tayari. Tukae kidogo.