Kope wa Dirisha la Juu, 1998–2024

Pazia la mhasibu wetu liko wazi kama siku zote, lakini tangu Ijumaa hakuna kichwa kilichopita dirishani kwake ghorofani. Marehemu hakuwa na sauti ya kumwita mtu. Alikuja, akachungulia, na mhasibu akamwambia, "Shikamoo bibi, leo nina kazi." Kazi ingalipo. Bibi hayupo.

Marehemu Kope, twiga jike, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1998 katika ua huu huu wa bustani ya wanyama, baada ya mama yake kumbeba miezi kumi na mitano. Mama alizaa akiwa amesimama, kama twiga wote, na mtoto akaanguka kutoka juu kuliko kimo cha mtu. Saa moja haikuisha, naye alikuwa amesimama, miguu ikitetemeka, vipembe vimelalia kichwa. Kwa kope zile, mfagiaji wetu alimpa jina papo hapo.

Masomo yake yalikuwa mafupi. Alinyonya karibu mwaka mzima, akajifunza kuufuata mlio wa ndoo na kuweka ukwato juu ya gogo ili upunguzwe. Somo la kuheshimu mapazia ya watu lilimshinda. Mwaka 2002 alilitafuna la mhasibu, naye mhasibu akatundika jingine asilolifunga tena.

Kazi yake ilikuwa kutazamwa. Alipocheua, watoto waliliona tonge likipanda shingoni, wakapiga kelele, "Linakuja! Linakuja!"

Mwaka 2001 aliletewa mume kutoka bustani nyingine, mrefu, mwenye madoa ya kukolea, wakaishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 2014. Walijaliwa watoto watano. Wa kwanza, wa mwaka 2003, hakumaliza wiki. Mama aliendelea kusimama pale mtoto alipolala hata tulipokwisha kumwondoa. Watatu walihamishwa wakiwa wadogo. Yeye hakuulizwa.

Kuugua kwake tunakusema kwa aibu. Meneja alituomba tuandike "uzee", na uzee ulikuwapo: porini ni twiga wachache wanaofika miaka ishirini na mitano, naye alikuwa na ishirini na sita. Lakini magego yake yalikuwa yamelika. Tangu mwaka jana alitafuna majani, yakamshinda, akayatema matonge matonge chini ya kikapu cha chuma tulichomtundikia. Sisi tuliyafagia kila asubuhi.

"Bibi, uchafu gani huu? Kula kama watu!" mfagiaji alimtania, naye akainamisha kichwa apapaswe.

Mwezi Aprili daktari wa wanyama alikuja kumtazama.

"Anakula?"

"Anamaliza, daktari. Kikapu kinabaki kitupu."

"Na chini?"

"Chini pasafi kabisa!"

Tulijibu kwa fahari. Madoa yake mazuri yalificha mbavu. Tonge likaacha kupanda shingoni, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Majani ya kukatwakatwa na kulowekwa yangempa muda zaidi. Uzee haukuwa kosa letu. Njaa ndiyo iliyokuwa kosa letu.

Mchana wa Ijumaa tarehe 14 Juni 2024 alilala, akashindwa kuinuka. Alipokwisha kukata roho, daktari alimfungua kinywa, akapitisha kidole juu ya magego, laini kama sahani. Mfagiaji aliweka ufagio chini.

"Kumbe nilikuwa naufagia ugonjwa wake," alisema.

Marehemu ameacha binti mmoja hapa uani, aliyezaliwa Novemba 2012, watoto watatu walio mbali, na wajukuu asiowahi kuwaona. Meno ya binti nayo yataisha siku moja. Chini ya kikapu chake hapatafagiwa tena kabla hatujapatazama.

Maisha yake yote Kope alilala kidogo kidogo, masikio wima. Sasa na alale usingizi mzima, bila kusikiliza.

Mwili wake umezikwa nyuma ya ghala la majani. Taya lake la chini liko mezani kwa daktari, na kila mlishaji mpya atalishika kabla ya kukabidhiwa ufagio.